Mwezi, Karabai na Mtoto wa Miaka Mitano

Muulize mwalimu wa darasa la awali ni somo gani linalomtoa jasho, hatakutajia kuhesabu. Kuhesabu kuna vidole, kuna mawe, kuna vizibo vya soda. Atakutajia Jumatatu. Mtoto wa miaka mitano anaimba siku za juma toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata moja, wageni wakija darasani wanapiga makofi. Kisha mwalimu anamgeukia: "Kabla ya Alhamisi ni siku gani?" Kimya. Au jibu linatoka mbio, "Ijumaa!", kwa kuwa ndiyo inayofuata kwenye wimbo. Wimbo anaujua. Siku bado.

Lipo na swali zito kuliko hilo, na hilo watoto hulileta wenyewe. "Mwalimu, hii Jumatatu ni ileile ya siku ile?" Sisi watu wazima hucheka. Lakini tazama anavyofikiri. Mbuzi aliyekwenda malishoni akarudi jioni ni yuleyule. Baba aliyekwenda ziwani akarudi alfajiri ni yuleyule. Kwa nini basi Jumatatu iliyokwenda na kurudi isiwe ileile?

Wapo watu wanaojua kulijibu swali hilo, na kazi yao haisifiwi popote kwa kuwa inafanywa na walimu wa madarasa ya chini na bibi wanaolea wajukuu. Nawasifu hapa wale wa Kigoma na Ujiji, kwa sababu moja ya haki: mwambao wa Ziwa Tanganyika unawapa vifaa ambavyo hakuna duka linaloviuza, nao wanajua kuvitumia.

Kifaa cha kwanza ni jua, na hapo mwalimu wa Kigoma anaanza kwa kupingana na kitabu. Vitabu vingi vinamwambia mtoto kwamba jua huchomoza saa kumi na mbili asubuhi. Kwa Dar es Salaam si uongo. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu digrii 10 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4, hivyo jua lililokwisha kuwafikia watu wa Magogoni, kule Dar, linachukua dakika 38 hivi kuwafikia watu wa Ujiji. Saa ya ukutani lakini ni moja nchi nzima. Ndiyo maana Kigoma jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi, linazama karibu na saa moja usiku, na linafika utosini saa saba mchana, wala si saa sita. Ukivuka mpaka ukaenda Bujumbura, mji ulio karibu kaskazini moja kwa moja, saa inarudishwa nyuma saa nzima ingawa jua halijasogea.

Mwalimu mjuzi hapotezi muda kubishana na kitabu. Anaiweka saa pembeni kabisa. Anawapa watoto matukio: jua likitoka nyuma ya vilima, tunakuja shule, likizama Kongo, tunalala. Watoto wa hapa wana bahati ya kuona pande zote mbili kwa macho, vilima mashariki na ziwa magharibi. Kwa hiyo swali haliepukiki: likishazama Kongo, linarudije huku nyuma? Mwalimu mwenye haraka atakimbilia tufe na tochi. Niliyemwona mimi Ujiji aliwaacha waseme. Mmoja akasema linapita chini ya ziwa. Mwingine akasema linapanda treni usiku, jibu lisilo la kubeza katika mji ambao reli ya kati imekuwa ikiishia tangu 1914. Mwalimu akauliza tu, "Kesho litatokea wapi?" Wote wakaonyesha vilimani. "Haya, kesho tutaona." Somo likaishia hapo. Siku iliyofuata jua likatoka walipopaonyesha, nao wakashangilia kama kwamba wao ndio waliolitoa. Tufe litakuja darasa la tatu au la nne. Kwa umri huu kinachotakiwa ni mtoto aonje kwanza raha ya kutabiri kitu kikatokea.

Lakini kifaa kikubwa cha Kigoma ni ziwa lenyewe usiku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Vyombo vinatoka jioni Kibirizi, Katonga na mialo mingine, vinakwenda mbali, vinawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, na migebuka wanawafuata dagaa ili wawale. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, ila jina la karabai halijafa. Usiku wa giza, ukisimama mlimani ukatazama magharibi, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mwezi unapokomaa, mji ule unatoweka. Mbalamwezi inamwagika ziwa zima, taa inakosa nguvu ya kuwaita samaki, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa.

Mtoto wa mvuvi basi anauishi mzunguko wa mwezi kabla hajajua kwamba mwezi una mzunguko. Kuna siku baba haonekani usiku, mchana amelala na watoto wanakatazwa kelele. Kuna siku baba yupo, anakula na watoto, mchana anashona nyavu uani. Kuna siku dagaa wamejaa kwenye vichanja, kuna siku maharage yanafuatana mpaka yanachosha. Mambo haya yote mtoto anayo, ila yametawanyika. Kazi ya ufundi ni kumfanya ayaunganishe mwenyewe.

Bibi mmoja wa Katonga, mkaushaji wa dagaa, nilimwona akiifanya kazi hiyo kwa namna ambayo ningependa kila anayeandika vitabu vya watoto aione. Mjukuu wake alitazama ziwa jioni akauliza, "Bibi, taa zimeenda wapi?" Bibi hakueleza kitu. Akasema, "Geuka nyuma, mjukuu wangu." Nyuma, juu ya vilima, mwezi mpevu ulikuwa unapanda, na mbele jua lilikuwa linamalizikia ziwani. Ndivyo ulivyo mwezi mpevu siku zote: unatoka upande mmoja wakati jua linazama upande wa pili, na kwa kuwa Kigoma ina vilima huku na maji kule, mtoto anaweza kusimama katikati akavishuhudia vyote viwili. "Huyu akija," bibi akasema, "wale wanampisha."

Jioni ya pili jua likazama, mtoto akageuka nyuma. Hakuna mwezi. "Mwenyewe yuko wapi, bibi?" "Anakuja. Leo amechelewa." Mwezi huchelewa karibu saa nzima kila siku inayopita, dakika 50 hivi kwa wastani. Jioni ya tatu umechelewa zaidi. Halafu kunafika siku ambayo mtoto anapitiwa na usingizi kabla mwezi haujatoka, lakini kabla ya kusinzia ameona nukta mbili tatu za taa kule mbali. Sasa ni mtoto anayemweleza bibi: "Mwezi amechelewa, karabai zimemuwahi." Bibi anajifanya hakuwa akijua. Huo mshangao wa kuigiza ni sehemu ya ufundi wenyewe, na si kila mtu anaweza, wengi wetu tungeharakisha kusema "umeona sasa?"

Nilichokistahi zaidi ni yale aliyoyaacha. Hakutaja siku 29 na nusu. Hakusema dunia inazunguka, wala mwezi unaizunguka dunia. Alimwachia mtoto vitu viwili tu, mwezi na taa, na kimoja kikija kingine kinaondoka. Baada ya majuma mawili na kidogo, akamwonyesha mwezi mchanga upande mwingine kabisa, juu ya milima ya Kongo, ukizama muda mfupi tu baada ya jua. Hapo ndipo watu wa Ujiji wanapoutazamia mwandamo wa Ramadhani. Mtoto akauliza kama huu ni mwezi mpya au ni ule wa zamani umerudi. Swali la Jumatatu lilelile, limevaa nguo nyingine.

Juma ni gumu kuliko mwezi, na hili ndilo jambo ambalo ratiba za shule zinalipindua. Shuleni tunaanza na siku za juma kwa kuwa ni saba tu, tunadhani uchache ni wepesi. Lakini juma halina alama yoyote angani. Jua linaonekana, mwezi unaonekana, mvua inaonekana, Jumatano haionekani. Ni mapatano ya watu, na mapatano hayawezi kugunduliwa na mtoto kwa kutazama, lazima afundishwe. Hata watu wazima wanateleza. Kumbukumbu iliyojengwa Ujiji, pale ulipokuwa mwembe, inasema wasafiri Stanley na Livingstone walikutana chini yake tarehe 10 Novemba 1871. Hiyo ni hesabu ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaweka ujio wa mgeni wake mwishoni mwa Oktoba. Wanaume wawili wenye kalamu na madaftari, wamesimama mahali pamoja wakishikana mikono, na hawako katika siku moja! Wenyeji wao Waislamu wa Ujiji, nadhani, wangewaambia bila kusita Ijumaa ilikuwa lini.

Na hiyo ndiyo siri ya kufundisha juma: uwe na kigingi cha kulifunga. Kwa mtoto wa Kiislamu ni Ijumaa na kanzu ya baba. Kwa Mkristo ni Jumapili na viatu vinavyobana. Kwa vijiji vingi ni siku ya gulio. Kwa vijiji vya kusini mwa ziwa, kwa miaka mingi, kigingi kilikuwa meli. Liemba, ile ambayo Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916, na Waingereza wakaiinua na kuirudisha kazini 1927, ilizoeleka kuondoka Kigoma Jumatano kuelekea Mpulungu, Zambia, na kusimama nje ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiikimbilia. Mtoto wa kijiji hicho hakuhitaji wimbo. Alikuwa na honi.

Darasani, kigingi peke yake hakitoshi, kwa sababu bado kuna lile neno linalowachanganya kuliko yote: kesho. "Mwalimu, jana ulisema tutachora kesho. Leo ni kesho?" Niliona mchezo unaolitatua hilo. Watoto saba wanasimama duara, kila mmoja ni siku. Ipo kofia moja, na aliyeivaa ndiye leo. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, kofia inahamia kwa mwenzake wa kulia. Aliye kulia kwa mwenye kofia ni kesho, aliye kushoto ni jana. Siku hazihami. Kinachohama ni leo. Yule aliyekuwa kesho anavaa kofia na papo hapo anakuwa leo, na anayeivua anakuwa jana, jambo ambalo mara za kwanza humliza mtoto mmoja au wawili. Ukiwaambia wakutane na siku zilizopita, wanatembea kinyumenyume kuuzunguka mduara, na "kabla ya Alhamisi" inapatikana kwa miguu. Mchezo unakula dakika chache tu kila siku, lakini lazima uchezwe kila siku, na hapo ndipo walimu wengi wanaposhindwa. Mzunguko hauwezi kufundishwa Jumanne moja kwa kipindi kirefu.

Sasa turudi kwenye swali. Ni Jumatatu ileile? Chati ya ukutani iliyopangwa kama ngazi inamwambia mtoto kwamba Jumapili ni mwisho, baada yake kuna ukuta. Mduara wa kofia nao, kwa uzuri wake wote, una uongo wake: unamwambia kwamba tunarudi palepale. Mwalimu wa kofia alilijua hilo, akawapeleka watoto ufukweni na gurudumu la baiskeli lenye tairi kuukuu. Kwenye tairi amefunga kamba yenye fundo nene. Watoto wa Ujiji wamezoea kusukuma gurudumu kwa kijiti mitaani, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwafundisha. Walilisukuma kwenye mchanga uliolowa, na kila lilipomaliza mzunguko fundo liliacha shimo. Shimo, nafasi, shimo, nafasi, mpaka kwenye mitumbwi.

Akarudi nao mwanzo wa mstari. Fundo ni ngapi? Moja. Mashimo je? Mengi. Fundo ni Jumatatu. Akasimama kwenye shimo moja: hapa jino la nani liling'oka? Akasogea: hapa mdogo wake nani alizaliwa? Akasogea tena: hapa nani alikuwa na homa hakuja shule? Watoto wakaanza kugombania mashimo. Hakuna aliyetamka kwamba muda unazunguka na papo hapo unasonga mbele. Sentensi hiyo ni yangu, nayo ni dhaifu kuliko tairi.

Wataalamu wa Ulaya walilitolea jasho jambo hili. Mwaka 1928, huko Davos, Uswisi, Albert Einstein alimshauri mwanasaikolojia Jean Piaget achunguze watoto wanavyoelewa muda na kasi, na Piaget akaja kutoa kitabu kizima kuhusu muda katika akili ya mtoto mwaka 1946. Aliona kwamba watoto wadogo hupima umri kwa kimo: mti mrefu ndio mkubwa kwa umri, na mtu akishaacha kurefuka, miaka nayo imemsimamia. Kwenye mwambao wenye michikichi mirefu na bibi wafupi, kosa hilo linaeleweka.

Kwa mwaka, nitasema machache, maana mtoto wa miaka mitano ana mizunguko michache mno ya kukumbuka. Kitabu kinampa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni mvua ya pwani na kaskazini mashariki. Kigoma mvua inaanza Oktoba au Novemba, inaendelea hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi na upepo wa kusi unaochafua ziwa. Mwalimu mwenye akili anauanza mwaka kwa kumbikumbi, kwa kuwa hakuna mtoto anayesahau mvua za kwanza zilizowatoa ardhini, na anaongeza embe na uyoga. Mchikichi, fahari ya mkoa, ni mwalimu mbaya wa mwaka: unazaa miezi yote.

Ramadhani nayo inavuruga kila kitu kwa namna inayofurahisha. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11, kwa hiyo kila mwaka mfungo unatangulia kidogo. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mtoto wa chekechea hawezi kuyabeba haya, na bibi wa Ujiji hawajaribu. Wanamwambia tu: Ramadhani inakimbia mvua, na siku moja itaikuta tena.

Jaribio kubwa la ufundi huu lilikuja 2024. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilipumzishwa ili samaki wazaane. Miezi mitatu, giza likaja likaondoka, na karabai hakuna. Watoto waliokuwa wamejifunza kwamba taa huondoka mwezi unapokomaa wakabaki na ziwa jeusi na anga jeusi, vyote pamoja. Nilisimuliwa mtoto aliyeuliza kama mwezi umeharibika. Jibu alilopewa lilikuwa zuri: alitolewa nje kila jioni kuangalia kama mwezi umeacha kazi, akaona haujaacha. Kwa hiyo walioacha ni watu, na watu walisema watarudi lini. Katika kiangazi kimoja mtoto alitenganisha mzunguko wa mbinguni na mzunguko wa tangazo la serikali, jambo ambalo baadhi yetu hatujalimudu. Na ziwa lilipofunguliwa 15 Agosti, zilikuwa zimebaki siku nne tu mwezi ukomae. Giza kamili lilikuja mwanzoni mwa Septemba.

Kuna vitu ambavyo havirudi kwa ratiba, na mwalimu mwaminifu hasemi kwamba vinarudi. Mwaka 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda yakaingia kwenye nyumba za watu. Mtoto aliyeuliza "yatashuka lini?" hakustahili mduara wala kofia. Alistahili kuambiwa kwamba hatujui, na watu wa mwambao walikuwa wanaambiana hivyohivyo.

Ombi langu ni kwa wanaoandika na wanaochapisha vitabu vya darasa la awali. Kwenye ukurasa wa jua, msiandike saa. Kwenye ukurasa wa mvua, msiandike miezi. Acheni mistari mitupu, mwalimu wa Kigoma ajaze ya Kigoma na wa Tanga ajaze ya Tanga. Na kwenye ukurasa wa mwezi, kama mna nafasi ya picha moja tu, chapisheni ziwa mara mbili: usiku wenye taa na usiku usio na taa. Swali mtoto ataliuliza mwenyewe.